Bakuli Lenye Alama ya Jani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenipa daftari hili leo asubuhi. Amelitoa kwenye mkoba wake mwenyewe, la kurasa sitini, na ameniagiza niandike kila kinachoingia kinywani mwa mume wangu kwa wiki sita, hata pipi, halafu turudi. "Usimwachie yeye aandike," amesema. "Watu wa presha wakiandika wenyewe, wote ni malaika." Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, akacheka. Mimi sikucheka. Nimeishi na huyu bwana miaka thelathini na moja, najua anavyopita karibu na nyama ya kukaanga kana kwamba haioni.

Hali ni hii. Presha ni 168 kwa 102, na vidonge anameza. Figo zimeanza kuchoka. Daktari ametuambia wazi kwamba zikiendelea kushuka hivi, mvua zikiisha tutakuwa tunazungumzia mashine ya kusafishia damu. Chumvi ya siku nzima, vyakula vyote pamoja, isizidi kijiko kimoja cha chai, na ikiwa nusu ni bora zaidi. Amenifundisha pia kubonyeza muundi wake kwa kidole gumba kila asubuhi. Linabaki shimo, nami nahesabu mpaka lijae. Leo nimehesabu kumi na moja.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu kwake siwezi kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwisha kupata dawa, na ipo kazini kwangu. Mgahawa wetu una matawi kila mji, na orodha ya vyakula ni moja. Vile vyepesi vimewekewa alama ya jani la kijani. Mimi ndiye ninayetengeneza mabakuli baridi, miaka sita sasa. Bakuli la Jani lina kuku, maharage, mahindi na majani, na kando ya picha imeandikwa: chumvi gramu moja. Gramu moja tu. Isitoshe, mezani kwangu hakuna kopo la chumvi. Lipo kwa mkaanga chipsi, hatua sita kutoka niliposimama. Chumvi haipiti mikononi mwangu.

Kila mfanyakazi ana haki ya mlo mmoja kwa zamu. Wangu nitampelekea yeye kila mchana, maana duka lake la ushonaji liko ng'ambo ya barabara. Mimi nitakula viazi vya kuchemsha nilivyobeba nyumbani.

Amekula. Amesema lina chumvi. Nimemwambia ulimi uliokatazwa chumvi huiota hata mchana. Anatafuta sababu, namjua.

Asubuhi: viazi. Mchana: Bakuli la Jani. Usiku: mboga bila chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Shimo: kumi na tatu.

Wifi yangu amepita dukani kwake na kikapu. Kila Alhamisi huleta nguo za wateja wake zilizotatuka, maana yeye ni dobi. Nimemwona kwa dirisha la jikoni. Kikapu kilikuwa na kitu kilichofunikwa.

Mchana: Bakuli la Jani.

Ijumaa, 7 Machi

Bakuli la Jani. Shimo: kumi na nne. Amekunywa maji vikombe vinne baada ya kula. Nimevihesabu. Mtu aliyekula bakuli lenye gramu moja ya chumvi ana kiu ya nini?

Jumatatu, 10 Machi

Shimo: nane. Jana nilikuwa nyumbani, nikampikia mwenyewe milo yote mitatu, nikamwekea macho kodo. Kwa hiyo tatizo ni siku za kazi, ninapokuwa sipo. Wifi naye alikuja jana kutusalimia, lakini mbele yangu hakuthubutu kumpa kitu.

Mume wangu amesema Bakuli linamkausha koo. Nimemwongezea upawa wa tatu wa sosi. Kadi ya ukutani inasema pawa mbili, ila kwa mume wangu siwezi kupima kwa kadi. Anapenda majimaji.

Jumatano, 12 Machi

Bakuli la Jani. Maji vikombe sita. Kumi na nne.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi, kikapu, dakika ishirini. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule ndiye aliyekuwa anampa nyama ya kukausha tangu wakiwa wadogo, na bado anamwita "mdogo wangu" kama mtoto wa kunyonya, mtu mwenye mvi.

Nilipompelekea bakuli nilinusa hewa ya duka. Nimenusa mafuta ya cherehani tu. Nimekagua hata droo ya vifungo. Mume wangu akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikasema sindano.

Jumatatu, 17 Machi

Shimo: tisa. Bakuli la Jani.

Meneja wetu tunamwita Tabasamu, kwa sababu kampuni ilimfundisha kutabasamu na hakufundishwa kuacha. Leo ametukusanya kutuambia kwamba vyakula vyenye jani vinaongoza kwa mauzo kwenye tawi letu. Wamemsifu makao makuu. Kanipa mimi mkono mbele ya wote. Nimefurahi, siwezi kusema uongo. Nilirudi mezani kwangu nikijiona nafanya kazi ya hospitali.

Alhamisi, 20 Machi

Kumi na tano. Soksi zimemwachia alama kama kamba. Wifi alikuwepo.

Jumatano, 26 Machi

Sijaandika tangu Alhamisi, na siku tatu hizi za mwisho hatukutoka. Mto umekata barabara, mgahawa umefungwa, duka limefungwa. Tumekaa ndani na viazi, maharage ya kuchemsha na mayai. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Jana alinishonea mfuko wa aproni uliochanika, akaniambia hajawahi kunikagua mimi kama ninavyomkagua yeye. Nikamwambia mimi sina presha. Akasema, "Utaipata."

Shimo leo: tano. Tano! Viatu vimeingia bila kulazimisha. Nilitaka kupiga vigelegele.

Basi ushahidi ninao. Siku tatu wifi hakuvuka mto, na siku tatu miguu imeshuka.

Ijumaa, 28 Machi

Barabara imefunguliwa juzi jioni. Jana wifi alikuja na kikapu chake. Leo shimo: kumi na mbili. Bakuli la Jani, pawa tatu. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimefanya jambo, na nitaliandika kama lilivyokuwa.

Nilimwomba mkaanga chipsi anishikie meza, nikavuka barabara na aproni yangu. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kikapu miguuni. Sikusalimia. Niliinama nikakifungua kile kibakuli chake chenye mfuniko.

Papai. Papai lililokatwa vipande, hata mbegu kazitoa.

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo. Mimi nilisema, "Leo ulijua nakuja."

Wifi akanitazama. "Nilijua unakuja wapi, wifi?"

"Kila Alhamisi unamletea vitu. Miguu yake inajaa. Nina daftari, nimeandika tarehe zote."

"Umeniandika kwenye daftari?"

"Ukimpenda ndugu yako acha kumlisha chumvi. Unampeleka kaburini kwa mkono wako."

Mume wangu alisimama kwenye cherehani. Alisema, "Mama, inatosha." Hakusema kwa sauti. Wifi alikusanya nguo zake moja moja, akazikunja, kwa sababu dobi hawezi kubeba nguo bila kuzikunja hata akiwa na hasira. Alipofika mlangoni akasema, "Papai kula, mdogo wangu. Halina kosa." Akaondoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mume wangu hakula papai. Hakula bakuli pia mpaka niliposimama mbele yake. Ndipo akala, akalimaliza, akanywa maji.

Jumapili, 6 Aprili

Wifi hakuja kutusalimia. Vizuri, basi tutaona.

Jumanne, 8 Aprili

Bakuli la Jani. Kumi na nne. Wifi hajaonekana tangu Alhamisi. Sasa namtazama fundi viatu wa jirani.

Ijumaa, 11 Aprili

Bakuli la Jani. Kumi na sita. Alhamisi imepita bila kikapu. Fundi viatu kafiwa, yuko safarini wiki nzima.

Sielewi.

Jumatatu, 14 Aprili

Zahanati. Presha 174 kwa 106. Kipimo cha figo kimeshuka tena. Daktari hakusema neno "mashine" leo, na hilo ndilo lililonitisha.

Akaomba daftari. Mume wangu alikuwa amepelekwa kutoa mkojo, kwa hiyo tulikuwa wawili. Alisoma kurasa zote. Nilitarajia alisome haraka haraka kama wanavyosoma, lakini alisoma, na mahali pengine alicheka kidogo, na pa kikapu cha wifi hakucheka. Alipomaliza akachukua kalamu nyekundu akaanza kupiga mstari. Mstari, akafunua, mstari, akafunua. Nikadhani anamtafuta mwizi wangu. Akanigeuzia daftari. Kila mstari ulikuwa chini ya maneno yale yale matatu.

"Mama," akasema, "humu ndani umemshuku kila mtu. Mumeo, wifi yako, fundi viatu, mpaka droo ya vifungo. Hiki hukukishuku hata siku moja."

"Hicho ni gramu moja. Kimeandikwa."

"Nani kakiandika?"

Nililivuta daftari karibu.

"Jumapili hakula bakuli, shimo limepungua. Mafuriko hakula bakuli, shimo limepungua. Umeandika mwenyewe, kwa mkono mzuri kabisa." Halafu akaniuliza swali dogo tu: ile sosi imetengenezwa na nini. Miaka sita namimina ile sosi. Sijawahi kusoma kilichomo.

Jumanne, 15 Aprili

Sosi inakuja kutoka jiko kuu kwenye ndoo. Ndoo ina namba ubavuni, Namba Saba, basi. Yaliyomo yameandikwa kwenye karatasi ya mfuniko, na mfuniko anaung'oa mtu wa stoo kabla ndoo haijanifikia, anautupa. Leo nimeingia kazini mapema, nikaenda stoo kabla hajafika. Maji, sukari, chumvi. Chumvi ni ya tatu, kabla hata ya mafuta. Katika kila gramu mia, chumvi gramu tatu.

Nilichukua mizani ya kuku nikapima upawa wangu. Gramu themanini. Nikamimina mara tatu, kama ninavyommiminia yeye, mkono ukijua njia wenyewe. Gramu mia mbili na arobaini. Hesabu hii hata mimi niliyeishia darasa la saba naiweza: chumvi zaidi ya gramu saba, kwa mlo mmoja. Kijiko cha chai cha daktari ni gramu tano kwa siku nzima.

Nilionja kwa kidole. Utamu unatangulia, uchachu unafuata, chumvi inakuja mwisho kabisa, ukiwa umeshameza.

Nikachukua orodha ya vyakula nikaisoma kwa miwani yangu na juu yake miwani ya mkaanga chipsi. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "Vipimo vyote ni vya bakuli kabla ya sosi." Na kadi ya picha juu ya meza yangu, iliyobandikwa na kampuni hiyo hiyo, inasema: "Pawa mbili. Usitoe bakuli bila sosi."

Yaani walipima bakuli ambalo halijawahi kumfikia mteja hata mmoja.

Mchana sikumpelekea. Nilivuka barabara mikono mitupu nikamwambia yote. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Nikasema, "Ni mimi. Siku sita kwa wiki, kwa mkono huu."

Mume wangu alimaliza mshono kwanza. Akasema, "Nilikwambia siku ya kwanza lina chumvi."

"Mbona hukusema tena? Mbona ulikuwa unakula?"

"Ulikuwa unaacha chakula chako unaniletea mimi, wewe unakula viazi vya jana umesimama jikoni. Unanisimamia mpaka nimalize. Ningeanzia wapi kukataa?"

Sijawahi kumpiga mtu huyu, lakini leo nilitaka. Na nilitaka kumkumbatia. Mteja wa suruali akasema atarudi baadaye.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwendea Tabasamu na mfuniko wa ndoo mkononi. Kausoma, kanirudishia, tabasamu liko palepale.

"Mama, jani halimaanishi dawa. Linamaanisha mboga zipo. Si zipo?"

"Mmeandika gramu moja."

"Na tumeandika kabla ya sosi. Hakuna uongo hapo."

"Kadi inanikataza kutoa bila sosi."

"Bila sosi halina ladha, Mama. Wateja watalalamika." Alipunguza sauti, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake bila tabasamu, ni uso wa mtu mchovu tu. "Mimi nina watoto wadogo. Hili lilikuja limeshaandikwa. Usiwe mwerevu kuliko makao makuu."

Nilimwamini kwamba ana watoto. Mengine yote nimeyaandika hapa.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekwenda kwa wifi. Alikuwa anapiga pasi mashati, hakuizima. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nilimwambia mkono uliomlisha chumvi ni wangu, nikamwomba anisamehe.

Alipiga pasi shati lote, kola, mikono, kifua. Akasema, "Uliniambia nampeleka kaburini. Kaka yangu huyo nilimbeba mgongoni mimi nikiwa na miaka tisa." Anamwita kaka akiwa na uchungu, mdogo wangu akiwa na furaha. "Nimekusikia, wifi. Lakini kusikia na kusamehe havifiki siku moja. Nenda salama."

Nilistahili. Nimerudi kwa miguu, mvua imenipiga njia nzima.

Jumanne, 22 Aprili

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, anakula kwetu mara tatu kwa wiki. Daima Bakuli la Jani, daima meza ya dirishani, na kijaluba cha vidonge kando ya uma. Leo kanyanyua kichwa nilipokuwa nampelekea. Akauliza tu, kama mtu anayepiga soga, "Hivi hili kweli lina chumvi kidogo? Siku hizi miguu inanivimba, binti yangu ananigombeza kwamba nakula ovyo."

Tabasamu alikuwa kaunta, hatua nne.

Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria pia huyo binti, anayemwekea mama yake macho kodo kama mimi, anayekagua droo.

"Mwalimu, lina chumvi nyingi," nikasema. "Nimeitia mimi mwenyewe. Ipo kwenye sosi, na sosi haikupimwa. Mwambie binti yako humdanganyi."

Mwalimu aliweka uma chini. Aliomba orodha, akavaa miwani, akasoma mstari wa sisimizi kwa sauti yake ya darasani, wote wakasikia. Meza ya pili wakachukua orodha yao nao.

Saa kumi nilipewa barua ya onyo. Saa kumi na nusu nilihamishiwa kwenye masinki.

Jumatatu, 28 Aprili

Masinki. Mikono imekuwa kama zabibu kavu. Mlo wangu wa zamu sasa nauchukua yai la kuchemsha na majani bila sosi, naula mwenyewe. Mume wangu anakula anachofungiwa nyumbani. Shimo: sita.

Alhamisi, 8 Mei

Wateja wameanza kuomba sosi pembeni. Nimejua kwa sababu vikombe vyake vinarudi sinki vimejaa. Leo nimemwaga ishirini na tatu. Makao makuu wametuma orodha mpya: jani limekuwa kubwa zaidi, na mstari wa sisimizi uko palepale.

Shimo: nne.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua zinapungua. Wifi kapita dukani na nguo zilizotatuka. Nimemwona kwa dirisha la masinki. Hakuangalia upande wangu. Kikapu sikukichungulia.

Jumatatu, 26 Mei

Zahanati. Wifi naye amekuja, kakaa upande wa pili wa mume wangu, hajaniamkia ila kanisogezea mkoba wangu usilowe kwa maji ya mwavuli.

Daktari akafunga mkanda kwenye mkono wa mume wangu, akaminya, akasikiliza. Akasema, "138 kwa 86."

Nikasema, "Pima tena."

"Mama, mashine ni nzima."

"Na ile gramu moja nayo ilikuwa imeandikwa. Pima tena. Mkono mwingine."

Mume wangu akatoa mkono mwingine bila kubisha. Daktari akapima: 136 kwa 86. Akachukua karatasi ya maabara akaisoma polepole, akijua nitamwomba airudie. Figo hazijapona, akasema, na huenda zisirudi zilivyokuwa. Lakini zimeacha kushuka. Mashine hatutaizungumzia mwaka huu.

Niliomba ile karatasi. Niliisoma mwanzo mpaka mwisho, nikaigeuza nyuma, nikatafuta maandishi madogo. Hayakuwepo. Nikaitazama tena pembezoni, na bado hayakuwepo.

Wifi akainyakua karatasi mkononi mwangu. "Wifi, nipe na mimi nikague," akasema, na akaanza kuisoma kutoka chini.